Siku nzima kati ya Nalubaale na Itanda: tathmini ya ziara ya mabwawa ya Naili mjini Jinja

Kabla daraja jipya la nyaya halijafunguliwa Oktoba 2018, kila gari lililotoka Kampala kuingia Jinja lilipita juu ya mgongo wa bwawa la Nalubaale. Mimi niliyezaliwa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, nilipita hapo mara zisizohesabika, nimebanwa kwenye teksi, nikiyaona maji meupe yakitoka kwa kishindo upande wa kaskazini bila kuelewa yalikuwa yametoka kufanya kazi gani. Baba yangu alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo ambacho mashine zake ziliendeshwa kwa umeme wa bwawa hilo, na Kiswahili ninachoandika hapa nilikipata katika nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa ajili ya viwanda hivyo, ambako Msoga, Mluo, Mteso na Mlugbara walihitaji lugha moja ya kuazimiana chumvi. Kwa hiyo niliposikia kwamba kampuni ndogo ya watembeza wageni hapa mjini imeanzisha ziara ya siku moja ya mabwawa, na kwamba anayetaka kuongozwa kwa Kiswahili anapata kiongozi wa Kiswahili, nililipia nafasi tatu, yangu na za wapwa zangu wawili, tukaenda Jumamosi.

Bei ilikuwa shilingi za Uganda 90,000 kwa mtu mzima na 50,000 kwa mtoto, pamoja na gari, boti na chakula cha mchana. Kwa mkazi wa hapa hizo si pesa ndogo. Naona zinastahili kulipwa, ingawa kuna jambo moja kampuni hii inapaswa kulirekebisha kabla haijachapisha tangazo jingine, nami nitalieleza mahali pake.

Sehemu bora ya ziara ilikuja mapema, tena haikuhitaji kifaa chochote cha gharama. Kijana aliyetuongoza alitusimamisha kwenye ukuta mfupi karibu na Ziwa Viktoria, akaweka juu yake jerikani la njano la lita 20 lililojaa maji, likiwa na matundu matatu yaliyozibwa kwa njiti: moja karibu na mdomo, moja katikati na moja chini kabisa. Alimwita mpwa wangu mdogo azitoe njiti zote kwa mara moja. Maji ya tundu la juu yalianguka karibu na ukuta kama machozi, ya katikati yakaruka hatua moja, na ya chini yakatoka kwa nguvu mpaka yakamlowesha bibi mmoja aliyekuwa amesimama mbele yetu. Kisha akashika chini ya mrija huo wa mwisho gurudumu dogo alilolitengeneza kwa vijiko vya plastiki na kipande cha waya, nalo likazunguka kwa kasi ambayo watoto hawakuitarajia.

“Mwalimu,” aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimemtajia kazi yangu, “bwawa zima ni jerikani hili. Ukuta unainua maji, uzito wa maji ya juu unayasukuma ya chini, na sisi tunaweka gurudumu pale yanapotokea.”

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sijapata kulieleza jambo hili kwa uwazi kiasi hicho. Baada ya hapo tarakimu zilieleweka bila shida. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ikianguka kimo cha takribani mita 20, ambacho ndicho kimo cha Nalubaale, na ikawa inaanguka hivyo kila sekunde, ndani yake mna nguvu ya kilowati 196, na hata ukitoa zinazopotea kwenye njia za maji, kwenye turbaini (yale magurudumu yanayozungushwa na maji) na kwenye jenereta, zinabaki za kutosha kuchemsha birika za umeme zaidi ya 80 kwa wakati mmoja. Mto unaotoka ziwani hapa hupitisha mamia ya mita za ujazo kwa sekunde, na katika miaka ya mvua nyingi hupita hata 1,000. Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954 likiitwa Owen Falls, lina mashine kumi zenye uwezo wa jumla wa megawati 180. Kiira, lililojengwa kando yake kwenye mfereji wake lenyewe na kuanza kazi mwaka 2000, lina mashine tano za megawati 40 kila moja.

Hapo ndipo kiongozi wetu alipouliza swali ambalo natamani kila mwanasiasa angeulizwa: je, ukiwa na jerikani moja na ukatoboa tundu la pili kando ya lile la kwanza kwa usawa uleule, umepata maji zaidi? Mpwa wangu mkubwa alijibu kwamba hapana, jerikani litaisha upesi zaidi. Nalubaale na Kiira yanakunywa kutoka kikombe kimoja, na siku ambayo ziwa halina maji ya kutosha, megawati zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo haziwezi kufikiwa na yote mawili kwa pamoja. Bujagali, lililoko kilomita 8 hivi kuelekea kaskazini, halina tatizo hilo, kwa sababu linapokea maji yaleyale baada ya kutumiwa na kuyaangusha mara ya pili. Isimba linayaangusha tena, na Karuma, lenye mashine sita za megawati 100 zilizowekwa chini ya ardhi na ambalo lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, linayapokea mbali kabisa, baada ya Ziwa Kyoga. Kwa maelezo haya peke yake ningelipa nauli.

Sasa lile jambo la kurekebishwa. Karatasi ya tangazo iliahidi kwamba wageni wataingizwa ndani ya jumba la mitambo. Hatukuingia. Tulisimama mbali, nje ya uzio, tukaonyeshwa ukuta kwa kidole, na tukakumbushwa kuweka simu mifukoni kwa sababu picha za bwawa haziruhusiwi. Sina ugomvi na ulinzi wa mahali kama hapo, kwani mtambo unaowasha hospitali na viwanda vya nchi nzima hauwezi kuachwa wazi kama soko. Ugomvi wangu ni na ahadi. Niliporudi ofisini jioni, mhusika alinieleza kwamba kibali kilikuwa kimeombwa na kikachelewa, nami nikamwambia, kwa heshima, kwamba kibali kisichokuwapo hakiuzwi. Hakurudisha chochote. Watoto walikuwa wamelala na hamu ya kuona turbaini kwa macho yao, na mdogo aliulizia hadi tulipofika Bujagali: “Mjomba, mbona tumepita?”

Kati ya ukuta na ziwa kuna historia ambayo kiongozi aliieleza vizuri kwa sehemu, na sehemu nyingine niliivuta kwake kwa maswali. Maporomoko ambayo John Hanning Speke aliyaona mwaka 1862 na kuyapa jina la Ripon yalikuwa kizingiti cha mwamba, na kizingiti hicho ndicho kilichoamua kiasi cha maji ya kutoka ziwani, wala si mtu yeyote. Ukuta wa 1954 uliyafunika, na tangu siku hiyo ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, linalotegemewa na Uganda, Kenya na Tanzania, limekuwa na bomba, na mkono unaolifungua na kulifunga uko Jinja. Ili mkono huo usifanye utakavyo, Waingereza waliokuwa wakitawala hapa walikubaliana na Misri kwamba maji yatakayotolewa yafuate kanuni iliyokuwa ya mwamba wenyewe: ziwa likipanda, toa zaidi; likishuka, toa kidogo. Misri iliweka hata mhandisi wake hapa Jinja wa kuangalia vipimo.

Nilimuuliza kijana wetu kuhusu miaka ya 2005 na 2006, kwa kuwa katika maelezo yake alikuwa ameiruka. Mimi naikumbuka kwa mwili wangu: umeme ulikuja siku moja na kukosekana siku mbili, vinyozi walifunga vibanda, na wavuvi wa Masese walilazimika kuburuta mitumbwi kwenye tope kabla ya kuyafikia maji. Ukame ulikuwapo, hilo halina ubishi, lakini wataalamu waliochunguza wakati huo walionyesha kwamba ukame peke yake hautoshi kueleza mshuko ule, na kwamba mabwawa mawili yalikuwa yametoa maji kupita kipimo kilichokubaliwa. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni kweli, na kwamba haelezi sana kwa sababu wageni wengi huja kufurahi. Namshukuru kwa ukweli wake, na namsihi asiiruke tena. Watu wazima wanaolipa pesa kuona bwawa wanaweza kustahimili kusikia kwamba umeme wa leo ulikopwa kwenye ziwa la kesho.

Kinyume chake alikieleza kwa hiari. Mwaka 2020 mvua zilikuwa nyingi mno, ziwa likapanda hadi kufikia kiwango kilichokuwa kimeonekana mara ya mwisho mwaka 1964, na nyumba za pwani zikaingia maji katika nchi zote tatu. Tarehe 14 Aprili mwaka huo kisiwa kinachoelea, yaani bonge la mafunjo, majani na udongo lililokatika kutoka kwenye kinamasi, kilisukumwa na upepo mpaka kwenye milango ya mitambo hapa Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Alituonyesha kwa mkono upande kilikotokea. Magugu maji yalikuwa bado yamejikusanya kwenye kona ya ukuta siku tuliyokwenda, kijani kibichi na maua yake ya zambarau, na kunguru wawili walitembea juu yake kana kwamba ni zulia.

Bujagali tulipanda boti. Jaketi la kuokolea maisha nililopewa lilikuwa na kifungo kilichokatika; nilisema, likabadilishwa mara moja bila maneno, na hilo nalihesabu kuwa jema. Nahodha alitupeleka hadi katikati, akazima injini, na kiongozi akatoa kamba yenye mafundo, jiwe limefungwa mwishoni, akampa mpwa wangu mdogo ailegeze. Fundo la kwanza likazama, la pili, la tatu, na maji yalikuwa tulivu kiasi kwamba kamba iliteremka wima bila kupinda. Kando yetu matawi makavu ya mti uliozama yalijitokeza juu ya maji, na mnandi alikuwa amekaa juu yake akitandaza mabawa kuyakausha.

Chini ya kamba hiyo yako maporomoko ya Bujagali. Niliyaona nikiwa kijana. Kelele zake zilianza kusikika kabla hujashuka kilima, na vijana wa kijiji waliingia humo wakielea juu ya jerikani tupu ili wageni wawape vijisenti. Kwa watu wa Busoga yalikuwa makao ya Budhagaali, roho wa mto, na mtu aliyesema kwa niaba ya roho huyo hapo aliheshimiwa kama mzee wa madhabahu. Kabla bwawa halijajaa kulikuwa na mabishano makubwa kama roho anaweza kuhamishwa, nani mwenye idhini ya kumhamisha, na kwa ibada ipi. Maji yalipanda mwishoni mwa 2011, na bwawa lenye megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012. Kiongozi alilieleza jambo hili kwa adabu, bila kucheka na bila kulipamba, na kwa maoni yangu hicho ni kipimo cha kiongozi mzuri kuliko Kiswahili fasaha.

Alituambia pia kwamba ziwa dogo la Bujagali lina hekta 388 tu, na kwamba sehemu kubwa ya hizo ilikuwa mto tayari. Ni kidogo, na hili linahitaji kusemwa kwa haki, kwa sababu mabwawa mengine ya Afrika yamefunika mabonde mazima. Bwawa la hapa halihitaji kuhifadhi maji ya mwaka, kwa vile ziwa kubwa lililo nyuma yake linafanya kazi hiyo, na ziwa hilohilo huacha matope yake chini kabla maji hayajatoka. Kwa hiyo kuta za Jinja hazijai udongo kama lile la Masinga kwenye Mto Tana nchini Kenya, ambalo hupokea tope la mashamba ya milimani. Lakini udogo wa eneo haumpunguzii machungu yule ambaye shamba lake lilikuwa ndani yake. Mradi ulianza na kampuni moja ya Kimarekani, ambayo ilihamisha watu na kisha ikajitoa mwaka 2003. Ujenzi wenyewe ulianza 2007 chini ya wengine, na katikati ya hapo baadhi ya familia zilikuwa zimekwisha kupelekwa Naminya, ng'ambo ya magharibi, zikiwa zimeacha bustani za ndizi zilizokuwa hatua chache kutoka mtoni. Ziara haifiki Naminya. Ingepaswa kufika, hata kwa nusu saa.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu kwenye gati alikubali kuzungumza nasi tuliporudi, na kiongozi alimwamkia “Shikamoo, Mzee” kabla ya kumuuliza lolote. Mzee alishika uzi kwa vidole vya mguu, akavuta fundo, na kutueleza bila kuacha kazi yake kwamba nkejje wa kwenye mawe, wale samaki wadogo waliopenda maji yenye povu, hawaonekani tena hapa, na badala yake ngege wa maji matulivu wamekuwa wengi. Samaki wa maporomoko huhitaji mwamba, hewa na mwendo. Ukivituliza vyote, anayebaki ni mwingine. Alisema pia kwamba kuelekea chini ya ukuta maji hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa sababu jioni miji inapowasha taa na majiko mitambo hufunguliwa zaidi, na mwanamke aliyeacha nguo zake kwenye jiwe saa kumi anaweza asizikute saa moja usiku.

Kuhusu afya kiongozi alitoa maelezo mafupi nami ningetaka marefu. Maji ya kasi ndiyo malezi ya inzi weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, na katika miaka ya 1950, wakati bwawa la kwanza lilipojengwa, inzi hao walipigwa vita hapa Jinja kwa dawa ya DDT iliyomiminwa mtoni. Wengi walinusurika upofu. Maji yaliyotulia nayo hupendwa na konokono wa kichocho, na kando ya ziwa dogo la Bujagali watoto walikuwa wakiogelea mbele yetu mchana ule. Kampuni inayotuliza injini kwa dakika ishirini katikati ya maji hayo ingeweza kuwaambia wageni wake kwa sentensi mbili wasiingize miguu ukingoni.

Chakula cha mchana kilikuwa cha kawaida: matoke, mchuzi wa karanga, samaki nusu. Hakuna la kulalamikia.

Kituo cha mwisho kilikuwa Itanda, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kupitia mashamba ya miwa na barabara ya vumbi jekundu, na hapo nilielewa kwa nini waliipanga ziara katika mfuatano huo. Baada ya ukimya wa Bujagali unashuka garini na kifua chako kinatetemeka kabla hujayaona maji. Mto unagawanyika, Kalagala upande wa magharibi na Itanda upande wa mashariki, na yote mawili yanaanguka juu ya mawe meusi kwa sauti inayowalazimu watu kusogeleana ili wasikilizane. Kiongozi alipaaza sauti kutueleza kwamba Kalagala iliwekwa chini ya ulinzi kwa makubaliano ya serikali na Benki ya Dunia, iwe fidia ya kile kilichozama Bujagali, na kwamba hata hivyo bwawa la Isimba, lenye megawati 183 na lililozinduliwa Machi 2019, lilifunika maporomoko mengine mbele ya hapo, mengi yakiwa yale ambayo vijana wa boti za mpira walikuwa wamehamia baada ya kupoteza Bujagali. Mpwa wangu mkubwa alisogea hadi kwenye jiwe lenye unyevu, akasimama muda mrefu, kisha akaniuliza kama nako hapa patafungwa. Nilimjibu kwamba karatasi inasema hapana.

Mambo ya kujua kwa anayekusudia kwenda. Chagueni gari la saa moja asubuhi, maana la saa tatu hufika Itanda jua likiwa limekwisha kuinama na haliruhusu kukaa. Ulizeni kwa maandishi kama kibali cha jumba la mitambo kimepatikana tarehe hiyo, na kama hakijapatikana ombeni bei ipunguzwe kabla ya kulipa. Vaeni viatu vyenye meno kwa sababu ya mawe ya Itanda. Mwombeni kijana awaeleze 2006 hata asipoitaja. Na pale juu ya maporomoko kuna mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na kabalagala za moto, yaani vile vitumbua vya ndizi, chini ya mwembe. Havimo katika bei ya ziara na yeye hana chenji, kwa hiyo bebeni noti ndogo.